Haramu ya Kubeba, Haramu ya Kula

Msyuu! Tangu lini mfuko wa kitimoto ukavunja kijiwe cha watu wazima?

Jioni, kona ya bodaboda, kahawa ndiyo kwanza imeshushwa. Simu ya dogo mmoja ikaita. Mteja wa Sinza anataka apitiwe kilo mbili za mdudu na ndizi zake za kuchoma, apelekewe nyumbani, nauli elfu tano. Dogo akajibu bila kupepesa macho: "Bosi, mimi Muislamu, hiyo siibebi." Jambo lingeishia hapo. Lakini mwenzake aliyekaa pembeni, Muislamu vilevile, tena kofia ya Ijumaa iko mfukoni, akanyoosha mkono: "Nipe hiyo namba." Akawasha pikipiki, huyo. Aliporudi na elfu tano yake, kahawa yote ilikuwa imepoa kwa mabishano.

Ostadhi wa madrasa ya mtaa wa pili, ambaye hupita kwetu kila baada ya Alasiri, alianza kwa upole. Akasema kwenye pombe mafundisho hayakumtaja mnywaji peke yake: muuzaji yumo, mnunuzi yumo, na mbebaji naye yumo. Nguruwe akampimia kwa kipimo hichohicho. Dogo wa elfu tano akajitetea: "Ostadhi, mfuko ulifungwa mafundo mawili. Sijala, sijaonja, hata harufu imebaki na upepo wa Shekilango." Watu wakacheka. Alipoona kicheko kiko upande wake, akaongeza: "Na ile daladala unayopanda kwenda Kariakoo, shehe wangu, mwenyewe ana baa mbili. Mbona nauli unampa?"

Ostadhi akaomba kikombe kingine.

Mwenyekiti wa kijiwe, ambaye hana makuu, akaamua palepale. Safari za kitimoto na kreti za bia ziende kwa wasio na shida nazo. Ijumaa mchana Wakristo washike kona, Jumapili asubuhi Waislamu washike. Hakuna kutukanana. Wakakubali, na mambo yanakwenda.

Mimi sikuridhika. Nilisonya mpaka mama wa chapati akageuka. Huyu dogo aliyekataa kitimoto, ambaye siku hiyo alipewa sifa zote za uchamungu, ndiye kila Jumamosi anatusumbua tumsaidie kuchagua timu za mkeka. Anabeti kuliko mtu yeyote pale. Kamari imekatazwa kwenye dini ileile, tena ikatajwa kwa ukali sambamba na ulevi. Lakini kitimoto hakimgharimu kitu kukiacha, hakipendi tangu utotoni. Mkeka anaupenda. Basi kitimoto kikawa haramu na mkeka ukawa "bahati tu, kaka".

Na asionewe yeye peke yake. Tazama mpira. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté alipokuwa Sevilla alikataa kuvaa kifuani jina la kampuni ya kamari, kwa sababu ya imani yake, akapewa jezi isiyo na tangazo. Baadaye kukawa na makubaliano, akaivaa. Mwaka 2013 Papiss Cissé wa Newcastle akagoma kuvaa jina la kampuni ya mikopo ya riba kubwa. Magazeti ya Uingereza yakatoa picha zake akiwa ndani ya kasino. Haukupita muda, jezi akaivaa. Huku kwetu hata mgomo haujatokea. Simba na Yanga wote wamewahi kuvaa kifuani jina la kampuni ya kubeti, na wachezaji wakawa wanafunga bao, wanasujudu kushukuru, jina la mkeka linagusa nyasi kabla ya paji la uso. Nani aliuliza? Tulikuwa tunashangilia.

Basi mtu akikuambia "dini yangu hainiruhusu kazi hiyo", msikilize kwa heshima, halafu mtazame kwenye kazi zile anazozipenda.

Mwenye bucha akaingilia, maana yeye mazungumzo ya haramu humhusu asubuhi na jioni. Ni Mkristo, tena mzee wa kanisa, na bucha ni lake, ng'ombe ni wake, mizani ni yake. Kisu si chake. Anamlipa Muislamu achinje, kwa sababu nusu ya wateja wake hawatanunua nyama iliyochinjwa na mkono wa mzee wa kanisa. Nchi hii imegawa kazi kwa dini mpaka kwenye shingo ya ng'ombe, na hakuna sheria niliyowahi kusomewa inayosema hivyo. Ni mazoea tu yaliyokaa miaka mingi hadi yakafanana na sheria. Kwenye miji mingi yamekaa kwa amani. Lakini Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uligeuka ghasia na mchungaji mmoja akauawa. Mwenye bucha alipolitaja jina la Buseresere hakuna aliyetia neno kwa muda.

Mazungumzo yakahamia benki, na huko ndiko kwenye unafiki wa tai na shati lililopigwa pasi. Ostadhi anasema kwenye riba waliolaaniwa ni mlaji, mtoaji, mwandishi na mashahidi wake. Haya, mwandishi ni nani leo? Ni karani wa mikopo. Ni mhasibu. Ni kijana aliyemaliza pale chuo cha fedha, IFM, baba yake aliuza kiwanja kumsomesha, na tangazo la kwanza la kazi alilopata ni la benki. Amwambie mzee nini? Wengine huingia, wakala mshahara, na ile faida inayojitokeza kwenye akaunti zao wakaigawa kwa masikini. Wengine hukataa, wakaishia kuuza vitambaa na shahada kabatini. Afadhali siku hizi pana upenyo. Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikijitangaza kuwa benki kamili ya misingi ya Kiislamu, na mabenki makubwa ya kawaida nayo yakafungua madirisha yasiyo na riba. CRDB wana Al Barakah, KCB wana Sahl. Wapo wanaosema ni ileile mvinyo kwenye birika la chai. Mimi si mwanazuoni. Ninachojua ni kwamba yule kijana wa IFM sasa ana mahali pa kupeleka barua bila kuomba radhi nyumbani.

Hapo ndipo mwalimu mstaafu, aliyekuwa kimya na drafti yake, akasukuma kete pembeni. "Nyinyi mnaongea kama vile wazee wenu walikaa chini wakachagua kazi kwa kusoma vitabu vya dini. Waliochagua ni mageti ya shule."

Akatupeleka nyuma, na hapa naomba nimfuate taratibu, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya gumzo iliyokuwa na nyama.

Mjerumani alipofungua shule ya serikali Tanga, miaka ya 1890, hakuweka mafundisho ya Ukristo ndani yake. Wazazi wa pwani wakaona hakuna hatari, wakapeleka watoto. Wakatoka makarani, walimu, wakalimani, watu wa kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na wengi wao Waislamu. Maakida waliotumwa bara kukusanya kodi walikuwa watu wa pwani wenye kanzu. Kipindi hicho ungemuuliza mtu wa bara mtumishi wa ofisi anafananaje, angekuchorea Muislamu.

Akaja Mwingereza. Yeye shule nyingi aliziachia misheni, akawapa ruzuku. Sasa geti la shule likawa geti la kanisa. Mzazi wa Kilwa au wa Bagamoyo akaanza kujiuliza: nikimpeleka Hamisi, atarudi Hamisi au atarudi Yohana? Na hofu hiyo haikuwa ya kuota. Shule nyingine zilimtaka mtoto abatizwe, au zilimlea hadi akaona kubatizwa ndio ustaarabu. Basi akambakiza chuoni kwa Kurani, kisha akampeleka kwa mjomba mwenye duka, au kwenye jahazi, au kwenye cherehani. Huku bara, mtoto wa Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, akatoka seremala, mwashi, mchapaji au mwalimu, kwa sababu misheni ilikuwa na karakana, mtambo wa kuchapa vitabu na shule, vyote kwenye kiwanja kimoja. Huyo mtoto hakuota useremala usiku. Alizaliwa jirani na randa.

"Vikapita vizazi viwili," mwalimu akasema, "watu wakaanza kuimba kwamba Waislamu wanapenda biashara na Wakristo wanapenda ofisi. Kupenda kumetoka wapi? Mlango ulifungwa huku, ukafunguliwa kule."

Msyuu! Na sisi tumeurithi wimbo huo tukauona asili ya damu.

Serikali ya Nyerere ilitaifisha shule kwenye mwaka wa 1969 na uliofuata, ili mtoto wa dini yoyote aingie popote. Ilisaidia. Lakini mtu aliyeanza safari alfajiri na aliyeanza adhuhuri hawawezi kulingana kwa sababu tu sasa wote wanapita barabara moja, na manung'uniko ya nani amejaa maofisini bado unayasikia, kwa sauti ya chini, kwenye kila kijiwe cha pwani. Siku hizi kila upande unajenga milango yake. Waislamu wana chuo kikuu Morogoro, kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Wakatoliki wana Nyegezi, Mwanza, ambako taasisi ya mafunzo ya jamii ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hesabu waandishi wa habari wa nchi hii waliopita Nyegezi, utachoka. Na wengi wao hawajawahi kushika rozari.

Mwalimu hakutuachia hapo, maana akishaanza hana breki. Akasema msidhani ni sisi tu. Uingereza ya zamani, Oxford na Cambridge zilikuwa za watu wa kanisa la taifa. Waliokuwa nje ya kanisa hilo, kama Wakweka, hawakuweza kuzifaidi kikamilifu hadi mwaka 1871 masharti ya dini yalipofutwa. Wakakosa shahada, wakakosa vyeo, na jeshini hawakutaka kwenda kwa sababu imani yao inakataa vita. Wakabaki na nini? Biashara. John Cadbury alifungua duka Birmingham mwaka 1824, akauza chai, kahawa na kakao ya kunywa, kwa nia watu wapate kinywaji badala ya pombe. Barclays nayo ina mizizi kwa Wakweka waliokuwa wafua dhahabu mjini London. Ukifikiri ni kipaji cha chokoleti na noti, umekosea mlango.

Nilimkubali mwalimu, ila si kwa asilimia zote. Mlango unaeleza mengi. Haumwelezi fundi wetu wa kuchomelea.

Huyu bwana katoka Mara, Msabato wa kuzaliwa. Alikuwa na ajira nzuri kwenye kampuni moja ya ujenzi, ana bima, ana likizo. Wakabadilisha zamu, Jumamosi ikawa ya lazima. Akaomba afanye Jumapili, akaomba akatwe posho, akaomba hata apunguziwe mshahara. Wakakataa. Akaacha. Sasa ana kibanda cha mageti na madirisha hapa pembeni, na Ijumaa jua likianza kushuka anazima mashine, hata kama geti limebaki mche mmoja na mteja amesimama na pesa mkononi. Jumamosi, siku ambayo kila mtu wa mjini yuko nyumbani na anataka geti lake lipimwe, yeye kibanda kimefungwa. Mwulize amepoteza wateja wangapi, atacheka tu. Hajawahi kumwambia mtu pale kwamba atachomwa moto. Hajawahi hata kuleta kipeperushi.

Dada yake ni muuguzi na Jumamosi anaingia zamu kama kawaida. Nilidhani nimemkamata, nikamuuliza. Akanijibu taratibu kwamba kumhudumia mgonjwa ni tendo la rehema, halisubiri jua lizame, na kanisa lake lina hospitali zake zinazofanya kazi siku zote saba. Basi nikaelewa kwa nini Wasabato wengi unawakuta kwenye uuguzi na udaktari: ile siku inayowafungia kiwanda na duka haiwafungii wodi. Wenzetu Kenya wamefikishana hadi mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi Wasabato waliolalamika watoto wao kulazimishwa masomo na mitihani Jumamosi. Huo mtihani wa Jumamosi ni jambo zito. Mtoto akikosa mtihani amekosa cheti, na mtoto asiye na cheti kazi imeshamchagua yeye.

Kwa fundi huyu sisonyi.

Wala kwa Mzee Yusuf sikusonya, ingawa mtaa mzima ulisonya. Mnakumbuka mwaka 2016 alipotangaza anaacha taarabu amrudie Mungu? Mfalme wa kundi la Jahazi, mtu ambaye kila sherehe ya Dar na Zanzibar iliponea kwenye sauti yake. Kina mama walilia, mashehe wakafurahi. Miaka michache ikapita, akarudi jukwaani, na waliomlilia wakamcheka. Rahisi hiyo. Mtu aliyeimba tangu ujana, mwili wake wote umekuwa hiyo kazi, unataka aamke siku moja awe muuza mbao? Kuacha aliacha, na kurudi akarudi, na vyote viwili alivifanya mbele ya watu. Wangapi hapa wameacha kitu hata wiki mbili? Rose Muhando njia yake ilikuwa nyingine kabisa: alizaliwa kwenye Uislamu, akaokoka, na imani hiyo ndiyo iliyompa jukwaa. Kwa mmoja imani ilizima maikrofoni, kwa mwingine iliiwasha.

Sasa tuje kwa asiyeamini, maana na yeye tunaye, ingawa mpaka leo baadhi ya wazee hapa wanadhani anatania. Ni kijana wa mitambo ya muziki, fundi wa spika na nyaya. Hasali popote. Nilimuuliza kama hilo lilimsukuma kwenye ufundi, akasema hapana, kilichomsukuma ni redio ya babu yake aliyoifungua akashindwa kuifunga. Lakini kutokuamini kumemfungia kazi? Hapo akanyamaza, kisha akasema aliwahi kuomba ualimu wa kompyuta kwenye shule moja ya dini, wakamtaka barua ya paroko. Akafikiria kuikopa kwa binamu yake. Akaona aibu, akaacha. Na nchi hii, shule ngapi nzuri, hospitali ngapi kubwa ziko chini ya madhehebu? Mwamini akikosa kwa wa dini yake ataenda kwa serikali. Asiyeamini naye ataenda hukohuko, ila akifika polisi kutoa maelezo tu ya simu iliyoibiwa, anaulizwa jina, umri, kabila, dini. Akisema hana, askari anaweka kalamu chini na kumtazama upya.

Wala hatujui wako wangapi, maana sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967. Kenya wanauliza, sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu laki saba waliosema hawana dini. Na Kenya hiyohiyo kuna chama cha wasioamini kilichosajiliwa mwaka 2016. Mei 2021 katibu wake akajiuzulu, sababu: amempata Yesu Kristo. Chama kikamshukuru kwa utumishi wake, kikatangaza nafasi ya kazi iko wazi. Kijiwe kilipoisikia hiyo, muuza kahawa alimwaga sukari.

Lakini ngoja. Unajua kijana wetu asiyesali anapata wapi pesa nyingi? Mikutano ya injili. Anafunga spika, anakaa siku nzima, anarekebisha sauti ya mhubiri, usiku anafungua nyaya na bahasha yake. "Harusini wananikopa," anasema, "kwenye mkutano nalipwa kabla ya amina ya mwisho." Nikamuuliza haoni haya. Akanigeuzia swali: mbona Ostadhi anashonewa kanzu na fundi Mkristo, na kanzu inafaa kuswalia? Nikakosa la kumjibu. Mpaka leo nalitafuta.

Na wale walioifanya dini yenyewe kuwa ajira sitawagusa sana leo, kahawa haitoshi. Mwaka 2011 tuliona Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Waliotajirika zaidi ya yeye ni wenye magari, na kati yao hukukosa Muislamu, Mkristo na asiyejali. Hakuna aliyeuliza dini ya usukani.

Ninyi mnaoajiri, basi, acheni kuficha. Kama kazi ina Jumamosi, iandikeni kwenye tangazo. Kama ghala lenu linatunza bia, semeni siku ya usaili, msisubiri kijana ameshahama Tanga na familia yake ndipo mumwoneshe kreti. Kama mnataka barua ya paroko au ya imamu kwa ajili ya kufundisha kompyuta, jiulizeni kompyuta inasali wapi. Na wewe unayeomba kazi, taja mapema siku usiyofanya na mzigo usiobeba, uwe tayari kukatwa posho yake, na huo mkeka wa Jumamosi uuweke mezani tuuone na wenyewe.